Mahitaji Yasiyobebeka

Tarehe 12 Aprili mwaka 1961 Yuri Gagarin aliizunguka dunia kwa muda wa dakika 108, akarudi salama. Tangu siku ile swali la kale, yaani mwanadamu ahitaji nini ili aishi, limepata mizani mpya. Zamani swali hilo lilikuwa la wahenga na wanafalsafa, nao walilijibu kila mmoja kwa kadiri ya busara yake. Huyu alisema mwanadamu ahitaji chakula na maji. Yule aliongeza nguo na nyumba. Wa tatu akataja upendo na heshima. Hapana aliyelazimika kuyapima majibu yake kwa ratili. Lakini mtu apelekwaye angani hawezi kuishi kwa jibu la kukisia. Kila kimfaacho hupimwa, huandikwa, kikapakiwa. Na kilichosahauliwa hakiazimwi kwa jirani.

Sehemu zetu za dunia hazikuwa mbali na mambo hayo. Huko Tunguu, katika kisiwa cha Unguja, palijengwa kimoja cha vituo vya Wamarekani vya kufuatia safari za vyombo vya anga, na John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, tarehe 20 Februari 1962, kituo kile kilikuwa kazini. Kilifungwa mwaka 1964. Tarehe 12 Desemba 1970, satelaiti ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo mbinguni ilirushwa kutoka pwani ya Kenya, karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru. Basi neno letu moja limekwisha kufika huko. Katika insha hii nataka kufanya safari iliyo kinyume cha hiyo: kuichukua orodha ya mahitaji iliyoandikwa kwa ajili ya anga, kuishusha katika nchi ya Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, na kuuliza yatufundisha nini juu ya watu waishio ardhini.

Kwanza tuitazame orodha yenyewe. Kituo cha anga cha kimataifa kiko kiasi cha kilomita 400 juu ya vichwa vyetu, wala hakijakosa watu tangu Novemba 2000. Kila mtu akaaye humo hutumia karibu gramu 840 za oksijeni kwa siku. Hutoa pumzi yenye hewa ya ukaa ipatayo kilo moja, na hewa hiyo haina budi kuondolewa kwa mitambo, kwa sababu ikikusanyika huua. Hupewa kiasi cha galoni moja ya maji ya kunywa, kupikia na kujisafishia. Maji hayo hayamwagwi: mkojo, jasho na hata unyevu wa pumzi hukusanywa, husafishwa, na kunywewa tena, na mwaka 2023 wataalamu walitangaza kwamba wameweza kurudisha sehemu 98 katika kila 100. Tena yapo mambo ambayo mtu wa kawaida hayafikirii kabisa. Mwili usiobeba uzito wake hupoteza mifupa, sehemu moja au zaidi katika kila mia kwa mwezi. Kwa hiyo mwanaanga hufanya mazoezi kiasi cha saa mbili kila siku. Hata uzito, kitu ambacho hapana mtu aliyepata kukiomba katika sala zake, umeonekana kuwa ni hitaji.

Fundisho la kwanza la orodha hii ni kwamba mahitaji makubwa ni yale yasiyohisiwa. Mkulima wa Dongobesh atakuambia ahitaji mvua, mbegu na soko; hatakuambia ahitaji pumzi. Si kwamba hajui, bali pumzi hajapata kuikosa. Lugha yetu imelijua jambo hili tangu zamani, maana ina neno haja na ina neno riziki. Haja ni upengo. Yaweza kuandikwa katika karatasi na kupelekwa dukani. Riziki ni kile mtu akipatacho kwa kuwako mahali fulani, pamoja na watu fulani, kwa majira fulani. Wala haitengeki na mahali pake. Mtu wa angani ameondolewa mahali pa riziki, ndiyo maana riziki yake yote imegeuzwa kuwa haja, nayo ikaandikwa.

Fundisho la pili ni kwamba hata orodha ya wataalamu ni fupi. Tarehe 26 Septemba 1991 watu wanane walijifungia katika jumba kubwa la vioo huko Arizona, Marekani, lililoitwa Biosphere 2. Lilikuwa na eneo la ekari tatu hivi, na ndani yake mlikuwa na mashamba, msitu mdogo, wanyama wa kufugwa na hata bahari ya kutengenezwa. Nia yao ilikuwa kukaa miaka miwili bila kuletewa kitu, kama watu walio katika sayari nyingine. Fedha hazikukosekana, wala elimu. Hata hivyo njaa iliwakondesha, ugomvi ukawagawa makundi mawili, na oksijeni ikapungua kutoka sehemu 21 katika mia mpaka karibu 14, hata ikabidi mwezi wa Januari 1993 watiliwe hewa kutoka nje. Sababu ilipochunguzwa ilionekana kwamba vijidudu vya udongo wenye mbolea nyingi vilikuwa vikiila oksijeni, na hewa ya ukaa iliyotoka kwao ilikuwa ikinywewa na saruji ya kuta. Hapana aliyeihesabu saruji kuwa ni mvutaji wa hewa. Watu wale hawakuwa wajinga. Walishindwa na jambo lisiloandikwa.

Sasa tushuke Mbulu. Katika nyanda za juu, upande wa Kainam, Wairaqw wamelima vizazi kwa vizazi makonde madogo ya miteremkoni katika nchi iliyojaa watu. Desturi yao ya zamani ni kulaza ng'ombe ndani ya nyumba na kupeleka samadi shambani, bila kupoteza kitu. Tena mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote katika zizi lake, bali huwagawa kwa watu mbalimbali: mtunzaji apata maziwa na samadi, na mwenyewe apata salama ya kutofilisiwa na maradhi ya siku moja. Yale ambayo kituo cha anga kinayafanya kwa mitambo, yaani kurudisha kila kitu kazini na kuwa na akiba mahali pengine, nyanda hizi zimeyafanya kwa jembe na kwa ujirani.

Chini ya nyanda hizo, kuelekea ziwa Eyasi, liko bonde la Yaeda, na humo, pamoja na sehemu nyingine zilizozunguka ziwa, wanaishi Wahadzabe. Ni watu wachache, wazidio 1,000 kwa kiasi kidogo tu, na baadhi yao hata leo wanaishi hasa kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma ubuyu na matunda ya porini, na kurina asali. Mali ya mwanamume ni upinde, mishale, kisu na shoka. Ya mwanamke ni mti uliochongwa ncha wa kuchimbia, na chombo cha kuchukulia. Nyumba ni ya matawi na majani, na hujengwa kwa saa chache. Mgeni aonapo hali hiyo husema upesi: hawa hawahitaji mengi. Wengine hulisema kwa kusifu, wengine kwa kudharau; lakini wenye kusifu na wenye kudharau wamekosea mahali pamoja.

Maana tuhesabu kwa mizani ya angani. Mhadzabe hana ghala, kwa hiyo ahitaji mbuyu wa msimu huu na mti wa nyuki wa msimu ujao, na ndege aitwaye mlembe wa kumwongoza mpaka penye nyuki. Hana kisima cha pampu, kwa hiyo ahitaji chemchemi zote, ile ya kiangazi na ile ya masika, na njia iliyo wazi kati yake. Hana jokofu, kwa hiyo ahitaji wenzake wa kambini wa kugawana nao nyama leo, ili kesho wagawane naye. Hana hospitali karibu, kwa hiyo ahitaji kujua dawa iko katika mti gani, na mti huo uwe umesimama. Ukijumlisha yote waona kwamba mtu huyu, aliyeonekana kuhitaji upinde tu, ahitaji bonde zima. Mwanaanga ana vitu vingi na hana mahali. Mhadzabe ana mahali na vitu vichache. Mahitaji ya wawili hawa hayapitani sana kwa wingi. Tofauti ni kwamba ya mmoja yamebebwa, na ya mwingine hayabebeki.

Nasema jambo hili si kwa ajili ya kupamba maneno, maana kutolijua kumeleta madhara yanayojulikana. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya mwanaanga imo katika daftari tangu ratili ya kwanza. Mali ya bonde haimo katika daftari lolote, nayo hupotea bila habari, na ajabu ni kwamba aghalabu hupotezwa na watu wenye nia njema.

Mwaka 1964 na 1965, miaka michache baada ya Uhuru, serikali iliwakusanya Wahadzabe wengi huko Yaeda Chini. Walijengewa nyumba, wakapewa mahindi, shule na dawa. Haifai kuwacheka waliofanya hivyo. Waliona watu wasio na nyumba wakawapa nyumba. Kila kitu katika orodha yao kilikuwa kitu chema. Lakini watu waliozoea kambi za watu ishirini au thelathini, na kuhama mara kwa mara, sasa walikaa wengi mahali pamoja. Maradhi ya kuambukiza yakawaingia, baadhi yao wakafa, na haukupita muda mrefu wengi wakarudi porini. Kumbe kule kuhama, kulikodhaniwa kuwa ni umaskini wa kukosa makao, kulikuwa ni namna ya kujitenga na uchafu na ugonjwa. Kulifanya kazi ile ile ifanywayo na mtambo wa kuondoa hewa ya ukaa. Orodha ilitaja nyumba. Haikutaja nafasi ya kuondoka.

Habari ya pili yatoka Hanang. Taifa lilihitaji mkate, na hitaji hilo lilikuwa la kweli. Kuanzia mnamo mwaka 1970, kwa msaada wa Kanada, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika uwanda wa Basotu, hata yakafika saba, yenye makumi ya maelfu ya ekari. Waliokwenda kuipima nchi hawakuona nyumba nyingi wala mazao, wakaona uwanda. Lakini uwanda ule, ambao Wabarbaig huuita muhajega, ulikuwa malisho yao yaliyo bora kuliko yote, nao waliyatumia kwa zamu: mifugo ilipelekwa huko mvua zinyeshapo, kisha ikaondolewa ili nyasi zipate kupumua. Hivyo ardhi iliyopumzishwa ilidhaniwa kuwa ardhi iliyoachwa. Matrekta yalilima hata makaburi ya wazee, yale yenye vichuguu vya udongo vilivyojengwa kwa heshima kubwa. Wanakijiji wa Mulbadaw walifungua kesi mwaka 1981. Mahakama Kuu iliwapa haki, lakini Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo kwa kuona kwamba haki yao juu ya ardhi haikuthibitishwa kwa namna iliyotakiwa na sheria. Daftari halikuwa na jina lao.

Mtu akipoteza ng'ombe mmoja amepunguziwa mali. Akipoteza sehemu moja ya mzunguko wa malisho, mzunguko wote umevunjika, kama vile chombo cha anga kisivyoweza kusema kwamba kimetobolewa upande mmoja tu. Wala shida haifi mahali ilipoanzia. Mfugaji aliyenyimwa malisho hapa hana budi kuyatafuta kule, na kule pana mwingine mwenye mahitaji yake yasiyoandikwa.

Hapa msomaji aweza kunipinga, na hoja yake ni nzito. Atasema: Watanzania ni mamilioni mengi, na wengi wao hula chakula kilicholimwa na wengine. Je, bonde zima liachiwe watu mia kadhaa, na uwanda wenye rutuba uachiwe nyasi, hali watoto wa mijini wanataka mkate? Tena, je, Mhadzabe mwenyewe hataki shule wala dawa? Najibu kwamba anataka, na wapo waliosoma. Wala sisemi kwamba aliye na upinde abaki nao daima ili sisi wa mijini tupate kumtazama. Sisemi pia kwamba ardhi yoyote isitolewe kwa manufaa ya wote. Nasema tu kwamba muombaji hana budi kujua anaomba nini. Tukimwomba mwenye nyumba kumi atoe moja, tumemwomba mali. Tukimwomba mtu wa bonde atoe bonde, tumemwomba pumzi. Maombi haya mawili hayalingani, hata kama ekari zake zinalingana. Wala fidia ya moja haiwezi kuwa kipimo cha fidia ya nyingine.

Aweza pia kusema kwamba naisifu ardhi kana kwamba haina ukali. La. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa iliporomosha matope na mawe kutoka mlima Hanang, ule ule unaowapa watu wa Katesh maji na udongo mwema. Watu zaidi ya 80 walikufa, na wengi walipoteza nyumba na kila kilichokuwamo. Ardhi yaweza kuua. Lakini tuangalie lililofuata. Walionusurika walipokosa mahali pao, mara orodha ilitokea: mablanketi kiasi hiki, unga magunia kadhaa, maji, mahema, dawa. Orodha ile ilikuwa rehema kubwa, na waliotoa watalipwa na Mungu. Hata hivyo ilikuwa ni orodha ya aina moja na ile ya angani. Penye orodha kamili ya mahitaji ya mtu, yafaa tutambue kwamba pana mtu aliyepoteza mahali.

Basi lifanyike nini? Kama mali bila daftari hupotea, njia mojawapo ni kuliingiza bonde lenyewe katika daftari. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilifungua mlango huo, na mwaka 2011 Wahadzabe wa upande wa Yaeda Chini walipata hati za hakimiliki ya kimila kwa ardhi yao, zaidi ya hektari 20,000, ambayo wanaimiliki kwa pamoja. Jambo hilo lastahili kufikiriwa. Hati za kawaida huandika kitu cha mtu mmoja chenye mipaka ya kuta; hati hii imeandika riziki ya watu wengi yenye miti na chemchemi ndani yake. Tena, kwa mpango wa biashara ya kaboni, watu wa mbali hulipa fedha ili miti ile isikatwe, kwa kuwa miti huivuta hewa ya ukaa iliyotolewa na viwanda na magari. Yaani bonde la Yaeda linaifanyia dunia kazi ileile ambayo kituo cha anga hufanyiwa na mtambo wake. Watu waliohesabiwa kuwa hawana kitu wamekuwa walinzi wa kitu ambacho matajiri wameanza kukikosa.

Lakini hati si ngome. Karatasi haizuii ukame, wala haimzuii mfugaji mwenye njaa, wala haimlazimishi kijana kupenda maisha ya babu yake. Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, ni nyingine: humlazimisha ajaye kuuliza. Na hapa ndipo orodha ya angani itushindapo kwa haki. Mwanaanga huulizwa. Hufundishwa kwa miaka, husema ni kipi kinachombana na kipi kinachompungukia, na wapimaji husikiliza, kwa kuwa wanajua kwamba wao wako chini na mwenye kuvuta hewa ile ni yeye. Mhadzabe wa mwaka 1964 alipewa orodha iliyokwisha kuandikwa. Mbarbaig wa Basotu aliikuta katika meno ya plau. Huyu wa angani aliulizwa kwa sababu kifo chake kingekuwa aibu ya taifa mbele ya macho ya dunia. Hawa wawili hawakuulizwa kwa sababu hasara yao haikuwa na pa kuonekana.

Leo watu wanasema juu ya kuishi Mwezini, na hata Mirihi. Sina ugomvi nao. Mwanadamu amezaliwa na macho ya kutazama juu, na elimu ipatikanayo huko hurudi kutufaa. Nafikiri hata hivyo kwamba orodha ile ndefu, pamoja na gramu zake za oksijeni na mtambo wa kunywesha mkojo, ina kazi iliyo karibu zaidi. Iwekwe mezani kila mara ofisa apimaye ardhi ashikapo kalamu. Lugha yetu imempa neno jepesi la kuandika, nalo ni pori. Mimi ni mwalimu wa lugha, na najua kwamba neno hilo halina kosa lenyewe. Kosa ni kulitumia kwa maana ya mahali pasipo na mtu. Kabla hajaliandika, amtafute yule apitaye humo na upinde, au yule aletaye ng'ombe humo mvua zinyeshapo, amwulize: hapa unapata nini, kwa miezi gani, pamoja na nani, na pakifungwa utakwenda wapi? Majibu yatakuwa marefu. Ayaandike yote, ndipo ahesabu.